Bomba Lapita Mlangoni

Mwaka 1957 bomba la Mzima lilifika Mombasa. Maji ya chemchemi iliyoko Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini, yakaanza kuteremka mpaka kisiwani, na watu waliozoea visima wakaambiwa shida imekwisha. Mpaka leo, ukisimama Kibokoni katika Mji wa Kale asubuhi, utampisha hamali na mkokoteni wake wa madumu ya manjano akipenya baina ya kuta mbili ambazo tuktuk yenyewe inapita kwa dua. Bomba lipo. Maji, mtu anayanunua kwa dumu.

Naanza na maji kwa sababu intaneti ya Mji wa Kale imepita njia hiyo hiyo, na aliyekwisha kuelewa habari ya madumu haoni ajabu habari ya bando.

Kisiwa hiki kilianza kuunganishwa na dunia kwa waya zamani sana. Mwaka 1890 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Unguja hadi Mombasa, miaka 11 baada ya ule mkubwa uliounganisha Aden, Unguja, Msumbiji na Durban. Waya ule haukuwa wa umma. Ulikuwa wa kampuni, wa serikali na wa mfanyabiashara mwenye uwezo wa kulipia kila neno. Wengine wote waliandika barua wakangoja meli.

Karne moja na ushei ikapita, na pwani ya Afrika Mashariki ikajikuta nyuma ya dunia nzima: hakuna hata waya mmoja wa faiba uliotua kwetu. Kila barua pepe ilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, ikashuka Ulaya au Marekani, hata kama aliyeandikiwa alikuwa Ganjoni na mwandishi yuko Mkanyageni. Megabiti moja kwa sekunde iliwagharimu watoa huduma maelfu ya dola kwa mwezi. Nchi za kanda zikawa zinabishana kuhusu mradi wa waya wa EASSy, nani aumiliki na kwa masharti gani, mpaka Kenya ikachoka. Waziri wa Habari na Mawasiliano wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akaamua nchi ijitafutie waya wake kwa kushirikiana na kampuni ya Etisalat ya Falme za Kiarabu. Ndio ukazaliwa TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa, takriban kilomita 5,000 kwa gharama ya dola milioni 130 hivi. Ulitua Juni 2009 mbele ya Rais Mwai Kibaki. Tarehe 23 Julai mwaka huo huo SEACOM nao ukawashwa, wenye urefu wa kilomita 17,000, baada ya kucheleweshwa wiki kadhaa na maharamia wa Kisomali. EASSy wenyewe ulifika 2010, LION2 ukafuata 2012, kisha DARE1 na PEACE. Nchi chache za bara hili zina mji mmoja unaopokea nyaya nyingi kiasi hicho.

Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, nanga ikaukata TEAMS. Mtandao ukawa wa kukokota si Mombasa tu bali Nairobi, Kampala na Kigali. Jambo lililotokea nje ya mlango wa bandari yetu lilimnyima mtu usingizi Rwanda. Kwa mizani ya waya, basi, Mombasa ni mji mkuu.

Sensa ya 2019 ilifanywa miaka 10 baada ya TEAMS. Ilikuta kwamba miongoni mwa Wakenya wa miaka 3 na kuendelea, waliokuwa wakitumia intaneti ni asilimia 22.6.

Hapo ndipo mwandishi wa ripoti husema tatizo liko mashambani, kaskazini, kwenye vijiji visivyo na minara. Ni kweli, na fedha za serikali zimeelekezwa huko. Kila kampuni yenye leseni ya mawasiliano hutozwa asilimia 0.5 ya mapato yake ya mwaka kwa ajili ya Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na mfuko huo umejenga minara katika kata ndogo ambazo hazikuwa na mawasiliano na kuunganisha shule. Mji wa Kale hauwezi kuomba hata senti ya fedha hizo. Kwenye ramani ya mamlaka, mtaa wote umepakwa rangi ya mahali penye huduma: 3G ipo, 4G ipo, faiba iko barabarani. Lakini ramani haiingii ndani ya nyumba.

Nyumba ya asili ya Mji wa Kale ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene nusu mita na pengine zaidi, dari yake boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya mawe. Ilijengwa ili jua lisiingie na maneno yasitoke. Mawimbi ya waifai hayapendi ukuta huo, hasa ukuta wenye unyevu wa bahari. Yale ya gigahazi 5, ambayo ndiyo ya kasi, hufia ukutani. Yale ya gigahazi 2.4 hujikongoja mpaka chumba cha pili. Rauta huwekwa ukumbini, karibu na mlango, kwa kuwa ndipo fundi alipoweza kupitisha waya bila kutoboa ukuta wa babu. Matokeo yake, mtandao mzuri kuliko wote wa nyumba huwa nje, barazani. Magharibi utawaona vijana wameketi kwenye baraza la mtu, vichwa vimeinama, kimya, na mwenye nyumba anajua kabisa hawakuja kumtembelea yeye. Wengine hubadilisha neno la siri kila Ijumaa. Wengine wameliacha, wakasema ni sadaka.

Waya wenyewe unafikaje hapo? Kwa juu. Vichochoro ni vyembamba, chini pana mabomba ya maji, majitaka na umeme wa miaka mbalimbali, na Mji wa Kale umetangazwa eneo la hifadhi tangu 1990, kwa hivyo kuchimba au kugusa ukuta wa mbele wa nyumba kunataka kibali. Sheria hiyo naiunga mkono. Bila yake tungebaki na vioo na alumini kuanzia Ndia Kuu hadi Forodhani. Ila mafundi wa kampuni ndogo ndogo hawana subira ya vibali. Hufunga waya kwenye nguzo ya roshani iliyochongwa miaka 100 iliyopita, wakauvusha kichochoro hadi roshani ya jirani, na ukiinua macho Mbarak Hinawy utaona nyaya nyeusi zimesukana juu ya vichwa vya watalii wanaopiga picha milango. Kampuni ikifa, waya wake haushuki. Unaning'inia tu pale, na mwingine unafungwa juu yake.

Asiye na baraza la jirani ana bando. Hapa hoja ya dumu inakuja yenyewe. Kwa kipimo cha megabaiti, mnunuzi wa bando la shilingi 20 la saa moja hulipa zaidi sana kuliko mwenye faiba ya mwezi nyumbani, sawasawa na mnunuzi wa dumu anavyolipa zaidi kuliko mwenye mfereji. Pesa ikiisha kabla ya siku, kuna Okoa Jahazi, mkopo wa salio wenye ada ya asilimia 10. Jina wamelitoa kwetu. Riziki yake inakwenda Nairobi. Ukiishi kwa vipande vya saa moja moja, unajifunza kutumia intaneti kwa namna fulani: unafungua, unajibu, unapakua, unafunga. Husomi makala ndefu. Hufuatilii masomo ya video. Humwachii mtoto simu atafute jambo kwa udadisi wake, kwa sababu udadisi unakula bando.

Mahali pa umma pa kupata mtandao kisiwani, kwa zaidi ya miaka 20, pamekuwa saiba. Zamani za setilaiti mtu aliingia na karatasi aliyokwisha kuandika barua yake nyumbani, aipige chapa haraka kabla dakika hazijamwishia. Baada ya 2009 bei ilishuka hadi shilingi moja kwa dakika, vyumba vikajaa vijana wa Facebook, na ndugu walioko Muscat na Dubai wakaanza kuonekana kwenye kioo. Kisha simu za mkononi zikawachukua wateja hao wote. Wengi tulidhani saiba zimekufa. Kumbe serikali ndiyo iliyozifufua.

Tangu mfumo wa eCitizen uanzishwe 2014, kidogo kidogo huduma za serikali zilihamia mtandaoni, na kufikia katikati ya 2023 serikali ilitangaza kwamba zaidi ya 5,000 ziko humo. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva, kodi, mkopo wa chuo, na kuanzia 2024 usajili wa bima mpya ya afya, SHA. Dirisha lililokuwa ofisini limefungwa. Dirisha jipya liko kwenye kioo. Mwananchi asiyejua kioo hana budi kumtafuta anayekijua.

Anaingia saiba mzee mwenye kofia ya vito na simu ndogo ya vibonye.

"Salaam aleikum. Mwanangu, nimeambiwa hospitali nisirudi bila hiyo SHA."

"Waaleikum salaam. Shikamoo, baba. Umekuja na kitambulisho?"

Kitambulisho kipo, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Namba ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwenye simu ya mzee, mzee hajui pa kuifungua, kijana wa saiba anaichukua simu, anaisoma, anaandika. Mke wa pili aandikwe au asiandikwe? Mjukuu analelewa na babu yake lakini cheti kina jina la marehemu baba yake, aingizwe wapi? Fomu haina nafasi ya maswali hayo, kijana anayo majibu. Mwisho anachukua daftari la mazoezi lililochakaa pembeni ya printa, anaandika jina la mzee, namba yake na neno la siri la akaunti yake, ili akirudi mwezi ujao wasianze upya. Daftari hilo lina watu wa mtaa mzima. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikisomwa barabara, daftari lile ni jinai. Ikisomwa na mtu aliyeketi pale asubuhi moja, ni huduma ya umma ambayo hakuna ofisi iliyojitolea kuitoa, na mzee ameilipia shilingi 100 au 200 pamoja na kudurufu.

Hapa naomba tusimame na kijana huyu, kwa sababu ndiye ambaye mipango yote ya intaneti ya umma imemsahau.

Tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa. Aliyetangaza ni Mutahi Kagwe yule yule wa TEAMS, wakati huo Waziri wa Afya: kuanzia siku hiyo hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi, masoko na mikahawa vifungwe, maana maambukizi ya korona yamezidi. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Zuio liliongezwa, likaja kuondolewa mwanzoni mwa Juni. Idi ikatukuta ndani. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, misikiti vilevile, na saiba ni chumba kidogo kisichofaa kukaliwa na watu wengi wakati wa maradhi.

Sijui jaribio lingine la namna hiyo katika historia ya mtandao wa nchi hii: mtaa mkongwe wenye watu wengi, jirani na nyaya za bahari, ukazungushiwa askari na kuambiwa uishi kupitia intaneti. Darsa za Ramadhani zilihamia Facebook na YouTube. Shule za kulipia zilituma kazi kwa WhatsApp, za serikali zilitegemea redio na televisheni. Nyumba yenye watoto wanne na simu moja yenye kioo ilipanga zamu, na zamu ya kwanza ilikuwa ya anayekaribia mtihani. Watoto waliokuwa na faiba nyumbani walirudi shuleni, wengi wao Januari 2021, wakiwa wamechelewa kidogo. Waliokuwa na bando la saa moja walirudi wakiwa wamepoteza mwaka. Wote waliishi mita 100 kutoka kwa wenzao.

Na wanawake walifanya jambo ambalo sijaona mpango wowote wa serikali ukilitaja. Biashara ya chakula cha nyumbani, ambayo Ramadhani huuzwa kwenye meza mlangoni, ilipanda kwenye stetasi ya WhatsApp. Kaimati, viazi vya karai, mkate wa sinia na sambusa vikapigwa picha saa nane, oda zikafungwa saa tisa, mtoto akapeleka nyumba kwa nyumba ndani ya zuio. Wengi wao hawakurudi mezani baada ya korona. Duka lao sasa ni stetasi, na linafungwa bando likiisha.

Serikali haikuwahi kukosa mipango. Karibu na mwaka waya ulipotua, Bodi ya TEHAMA ilianzisha vituo vya Pasha, vijiji vya kidijitali ambavyo mjasiriamali alikopeshwa fedha kuvifungua. Vingi vilifungwa, deni lilikuwa la kila mwezi na wateja walikuwa wa msimu. Baadaye vikaja vituo vya ubunifu vya maeneo bunge, vinne kwa kila eneo, vyenye kompyuta na waifai ya bure. Serikali iliyoingia 2022 ikaja na hesabu kubwa zaidi: kilomita 100,000 za faiba, sehemu 25,000 za waifai ya bure sokoni na kwenye vituo vya magari, na vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kwa kila wadi. Wadi yetu, Mji wa Kale/Makadara, ni mojawapo ya hizo 1,450.

Naomba nisieleweke kwamba nabeza. Waifai ya Gikomba, iliyozinduliwa Desemba 2022, inamfaa mchuuzi wa mitumba kwa sababu mchuuzi yuko Gikomba kutwa. Swali langu ni nani yuko uwanjani. Ukiweka waifai ya bure kwenye uwanja wa mbele ya Fort Jesus, saa mbili usiku utakuwa umewapa wanaume na vijana wa kiume mtandao, na watalii mchana. Binti wa miaka 17 anayejaza maombi ya chuo hataketi pale na simu yake saa hiyo, mama yake hatakubali, na mama wa kaimati yuko jikoni, nyuma ya kuta mbili za matumbawe. Baraza na uwanja ni mali ya umma, lakini umma wenyewe umegawanyika, na aliyepanga kwa kutazama idadi ya sehemu za waifai hawezi kuliona hilo.

Kituo chenye mlango, viti, feni na ratiba ni jambo jingine. Swahilipot Hub, ulioanzishwa 2016 hatua chache kutoka Fort Jesus, umeonyesha hivyo: vijana wa kike na wa kiume wanaingia kwa ajili ya kompyuta, sanaa, redio yao ya Swahilipot FM, na wazazi wanajua wako wapi. Ila kituo kimoja cha vijana, hata kiwe kizuri vipi, hakitamtoshea mzee wa SHA.

Shida ya mipango ya umma, kila mara, ni mwezi wa 13. Mwaka wa kwanza una mfadhili, utepe na mgeni rasmi. Mwezi wa 13 una bili. Na katika hilo Mji wa Kale una uzoefu kuliko wizara yoyote, kwa sababu mtaa huu umeendesha huduma za bure kwa mamia ya miaka kupitia wakfu. Mtu aliacha duka au nyumba, kodi yake ikalipia mafuta ya taa ya msikiti, maji ya birika, mwalimu wa chuo cha Kurani. Mafuta yalipokwisha zamani zake, kodi ile ile ikalipa umeme. Maktaba ya kwanza ya umma katika nchi hii haikuanzishwa na serikali wala Nairobi: ni Maktaba ya Seif bin Salim, chumba cha kusomea bure kilichofunguliwa Mombasa mwaka 1903, kwa ukarimu wa familia ya Liwali Ali bin Salim. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifuata 1931. Miaka 28 kisiwa kilitangulia, na hatukuhitaji mpango wa taifa.

Leo mlango wa sheria nao uko wazi. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano iliweka utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, ili kikundi cha mtaa kiweze kununua intaneti kwa jumla na kuigawa kwa watu wake bila kutozwa ada za kampuni kubwa. Waliousukuma zaidi walikuwa watu wa Kibera na vijijini. Kwetu, wenye nyaya chini ya maji yetu, na wenye Tume ya Wakfu ambayo makao yake yako mji huu huu, mazungumzo hayo yamebaki barazani.

Najua pingamizi za wazo la chumba cha mtandao kinacholipiwa na wakfu, nimezisikia. Kodi ya wakfu ilipie watoto kutazama mpira? Nani atachuja? Masharti ya mtoa wakfu yanasemaje? Ni maswali ya haki na yana majibu ya kawaida: chumba kiwe cha kusomea na kujazia fomu, asubuhi wazee, mchana wanafunzi, baada ya alasiri wanawake peke yao, na mwenye kutaka mpira aende kibandani. Bei ya intaneti ya jumla hapa kisiwani imeshuka kiasi kwamba siyo tena mzigo mkubwa wa chumba kama hicho. Nikipewa bajeti niiandike, mstari wa kwanza nitaandika mshahara wa kijana wa saiba, pamoja na kabati lenye kufuli kwa daftari lake mpaka tutakapompatia njia bora. Wa pili kodi ya chumba, wa tatu umeme na feni. Rauta na bili ya mtandao vitafuata chini huko, karibu na wino wa printa.